Pumu kwa mtoto: kifua kikitulia, dawa isiachwe

Wazazi wengi tunaowaona kliniki wana historia inayofanana. Mtoto amekesha akikohoa, kifua kinapiga mluzi, anakimbizwa hospitali usiku. Anawekewa mashine ya mvuke, kifua kinafunguka, anarudi nyumbani na vidonge. Mwezi haujaisha, amebanwa tena.

Hurudi kwa sababu kilichotibiwa ni kule kubanwa tu. Mirija ya hewa ya mtoto mwenye pumu huwa imevimba kwa ndani hata siku anapocheza vizuri. Ikikutana na mafua, vumbi, baridi, moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuwasha au hata udi, misuli yake hukaza, ute huongezeka na hewa hupita kwa shida. Salbutamol, dawa anayopewa mtoto akibanwa, hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Uvimbe unahitaji inhela ya kinga, yaani kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo. Kwenye boksi utaona imeandikwa beclomethasone au budesonide. Hiyo huvutwa kila siku kama daktari alivyoelekeza, kwa kawaida asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa hana dalili yoyote. Kila akimaliza asukutue na kutema, asipate fangasi mdomoni.

Najua hofu iliyopo: “Akianza inhela ataizoea, hataacha maisha yake yote.” Inhela haina uraibu. Tena tazama kiasi cha dawa. Mpulizo mmoja wa salbutamol una mikrogramu 100, na unakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kidonge cha miligramu 2 ni sawa na mipulizo 20, nacho hupita tumboni na kwenye damu kwanza. Ndiyo maana mtoto hutetemeka mikono na moyo kumwenda mbio. Kwa kweli vidonge hivi vingepaswa kuwa vimeachwa zamani.

Tatizo jingine ni uvutaji wenyewe. Inhela ikipulizwa mdomoni bila chombo cha kati (spacer), kinachokaa baina ya inhela na mdomo, dawa nyingi huishia kooni. Chombo cha dukani kina bei, lakini chupa ya maji ya nusu lita inatosha: utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ichuruzike na ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana dawa itanata ukutani mwa chupa. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako, chora umbo lake, toboa kwa waya uliopashwa moto. Inhela iingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa plasta. Tikisa inhela, mtoto afumbe midomo kuzunguka mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6. Subiri kidogo, tikisa, rudia. Mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo vizuri anahitaji chombo chenye barakoa.

Akibanwa ghafla, mkalishe wima, mpe salbutamol mipulizo 2 hadi 4, mmoja mmoja. Akiwa hashiki nafuu, unaweza kurudia baada ya dakika 20 mkiwa tayari njiani kwenda hospitali. Usisubiri kabisa ukiona mbavu zinaingia ndani, anashindwa kumaliza sentensi au kunyonya, ulimi na fizi vinageuka rangi ya bluu, au amelegea. Mluzi ukitoweka huku bado anahangaika kupumua, hali ni mbaya zaidi, kwani hewa karibu haipiti.

Kikohozi kinachoambatana na homa za mara kwa mara na kupungua uzito kichunguzwe kifua kikuu kwanza.

Jambo dogo linalowakwamisha wengi: inhela nyingi hazionyeshi dawa iliyobaki, na huendelea kutoa upepo hata dawa ikiwa imeisha. Yenye mipulizo 200, mtoto akitumia 2 asubuhi na 2 jioni, itadumu siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu kwenye inhela yenyewe, na ununue nyingine kabla siku hizo hazijafika.