Ilhamu, mzuka na muhogo wa majivuni: maana ya ubunifu

Msanii amekaa studio saa tatu, hajapata hata mstari mmoja wa maana. Ghafla maneno yanaanza kumiminika, anachana bila kupumzika, na wenzake wanaangua kelele: mzuka umempanda! Mzuka kwa asili yake ni kiumbe kinachozuka mtu asikijue kilikotoka, na huko kupanda ni kulekule kwa pepo anayempanda mtu ngomani. Kijana anayelisema neno hilo huenda haamini mapepo hata chembe, ila lugha imeshamwamulia kwamba wazo zuri ni mgeni aliyetoka nje na kuja kumkalia kichwani.

Dhana hiyo ni ya kale na haikuanzia kwetu. Wagiriki waliwaomba miungu wa kike wa sanaa kabla ya kuimba. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba mshairi hodari ana jini wake anayemnong'oneza, na jina la bonde la Abqar, lililodhaniwa kuwa makao ya majini, ndilo lililozaa neno lao abqari, yaani mtu mwenye akili isiyo ya kawaida. Ilhamu, yaani wazo linalomjia mtu moyoni, nayo tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake una maana ya kumeza: aliyepewa ilhamu ni kama aliyelishwa kitu akakimeza. Wanazuoni wa Kiislamu huitenga na wahyi, kwa kuwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, ni wa mitume, ilhali ilhamu yaweza kumfikia mtu yeyote. Hata kipawa ni kile ulichopawa. Kipaji vilevile ni kitu cha kupewa, ingawa kwa maana yake nyingine kipaji ni sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi, pale jasho linapoanzia.

Na ubunifu? Ufafanuzi ambao watafiti wengi huuegemea unafanana na ule alioutoa mwanasaikolojia Morris Stein mwaka 1953: kazi ya kibunifu ni ile iliyo mpya na ambayo watu wa wakati fulani wanaikubali kuwa inafaa. Yote mawili lazima yawepo. Baiskeli yenye magurudumu ya mraba ni kitu kipya, lakini nani ataipanda? Kiswahili kinalijua hilo kwa njia yake, maana kitenzi kubuni kinawafaa fundi na mwongo sawasawa: huyu amebuni mtambo, yule amebuni kisingizio.

Ufafanuzi huo unasema ubunifu ni nini, hausemi unatoka wapi. Kwa swali hilo mimi huviamini zaidi vitenzi viwili vya kwetu kuliko mzuka.

Cha kwanza ni kutunga. Tunatunga shairi, na tunatunga shanga. Anayetunga shanga hazitengenezi. Anazikuta, anachagua ipi ikae kando ya ipi, anazipitisha kwenye uzi mmoja. Chukua kanga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso za mkononi, neno tulilolipata kwa Wareno, zilizouzwa zikiwa bado jora zima. Walikata kipande cha leso sita, wakakigawa cha tatu na tatu, wakaviunga kikawa kitambaa kipana cha kujifunga. Leso zilikuwapo madukani, sindano zilikuwapo, na kujifunga nguo kulikuwapo tangu zamani. Kipya kilikuwa ule muungano. Baadaye wafanyabiashara wakaona hakuna haja ya kushona, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima, chenye pindo na mji, na baadaye tena likaongezwa jina, yale maneno ambayo leo ndiyo yanayomuumiza jirani yako akili anapoyasoma mgongoni mwako.

Edward Said Tingatinga naye hakuvumbua rangi. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Ung'avu unaoitambulisha michoro hiyo ulitokana na rangi aliyoweza kuinunua. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na mtindo ukabaki na jina lake. (Michoro mingi inayopangwa leo mbele ya watalii inarudia twiga yuleyule kwa mkunjo uleule wa shingo. Hiyo ni kazi halali ya mkono, na inalisha familia. Kuiita ubunifu ndiko kunanishinda.)

Kitenzi cha pili ndicho ninachokipenda zaidi: kuvumbua. Kiswahili kina jozi za vitenzi vinavyopingana kwa mwisho wake, kama kufunika na kufunua, kuanika na kuanua. Mwenzake kuvumbua ni kuvumbika, yaani kufukia kitu ili kiive: muhogo kwenye majivu ya moto, au mbegu udongoni kabla mvua hazijanyesha. Kwa hiyo mvumbuzi, kwa asili ya neno lenyewe, ni mtu anayefukua. Na hawezi kufukua muhogo mahali ambapo hakuna aliyeufukia.

Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aliwahi kulieleza jambo hilohilo bila kujua Kiswahili. Katika mhadhara wake wa mwaka 1908 jijini Paris alisimulia jinsi alivyohangaika siku kumi na tano na aina fulani ya hesabu, kila siku akikaa mezani saa moja au mbili na kuondoka mikono mitupu. Usiku mmoja akanywa kahawa kavu, jambo ambalo hakulizoea, usingizi ukamkimbia, na mawazo yakagongana hadi mawili yakashikana. Baada ya hapo akatoka Caen, mji aliokuwa akiishi, kwa safari ya kuchunguza miamba. Hesabu akazisahau. Walipofika Coutances, wakati anainua mguu kupanda gari la abiria, wazo jipya kuhusu hesabu hizo likamjia, bila wazo lolote la kabla yake kumwandalia njia. Hakuwa na nafasi ya kulikagua. Alikaa kwenye kiti akaendelea na mazungumzo aliyokuwa ameyaanza. Aliporudi Caen ndipo alipolithibitisha kwa utulivu.

Wasimuliaji wengi huishia pale mguu ulipokanyaga ngazi, kwa sababu ndipo penye utamu. Poincaré mwenyewe alisisitiza kingo zote mbili: kazi inayofanywa na akili kimyakimya haizai kitu isipotanguliwa na kazi ya makusudi, na isipofuatwa na nyingine ya kukagua. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliupanga mwendo huo katika hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kuangaziwa, kuhakiki. Kuatamia ni lugha ya kuku. Majivu, naona, yanaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa kuku hukaa juu ya yai usiku na mchana, lakini muhogo unaufukia na kwenda zako kuteka maji.

Wakati mwingine kinachofukua si utulivu bali uchokozi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu katika siku za uhasama wa miji yao. Aliyerushiwa beti mbele ya mji mzima hana muda wa kungoja mzuka.

Hata wale waliosadiki kabisa kwamba neno hutoka kwa Mungu hawakukaa kungoja. Watunzi wengi wa tenzi za kale walifungua kwa Bismillahi, wakamhimidi Mola na kumsalia Mtume. Na mara nyingi hapohapo, katika beti za mwanzo, mtunzi anamgeukia mtu aliye karibu na kumwagiza: lete karatasi, lete wino, na kalamu iwe nzuri.