Je, Wajua Kwa Nini Bwana Mifugo Hutazama Fizi za Mbwa Kabla ya Kidonda?

Mbwa kagongwa na bodaboda Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Mguu wa nyuma unaning'inia, mfupa umetokeza, na mwenye mbwa anahangaika kumwonyesha mtaalamu wa mifugo ule mguu. Mtaalamu anautupia jicho mara moja tu, kisha anahamia kichwani, anainua mdomo wa juu na kutazama fizi. Wengi hukereka hapo. Huona anapoteza muda wakati mnyama anaumia.

Hapotezi. Mguu uliovunjika ni nadra kumuua mbwa ndani ya saa moja. Bandama iliyopasuka humuua, na kwa nje hutaona hata tone la damu. Kinachotafutwa kwenye fizi ni jibu la swali moja: je, damu bado inafika inakotakiwa kufika?

Damu ikipungua, mwili hubana mishipa midogo ya ngozi, ya utumbo na ya fizi ili kiasi kilichobaki kiende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana fizi hupauka mapema, mbwa angali amesimama na pengine anatikisa mkia akimwona mwenyewe. Hali hiyo hospitalini huitwa shoku. Mbwa akishaanguka na kulegea, mwili wake umemaliza mbinu zote za kujiokoa, na kumrudisha kutoka hapo ni kazi kubwa mno.

Rangi peke yake haitoshi. Mtaalamu hubonyeza ufizi kwa kidole juu ya chonge mpaka pawe peupe, kisha huachia na kuhesabu. Kwa mbwa mzima, rangi ya waridi hurudi kabla ya sekunde 2 kuisha. Ikichelewa zaidi, damu haizunguki vizuri. Halafu vidole viwili huingia ndani ya paja, pale mshipa mkubwa unapopita karibu na ngozi, kusikiliza kama mapigo yana nguvu au yanakimbia huku yamefifia. Mwisho hushika nyayo: za baridi kuliko kawaida ni dalili mbaya. Yote haya hayazidi dakika moja, na hayahitaji umeme wala mashine.

Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi au zenye mabaka meusi. Kwao hutafutwa sehemu yoyote yenye waridi, au hufunuliwa kope la chini na kutazamwa ngozi ya ndani. Mfugaji wa mbuzi wa Kongwa au Chamwino hatashangaa, maana ndivyo anavyomkagua mbuzi anayemshuku kuwa minyoo imemmaliza damu.

Rangi nyingine nazo zina habari zake. Bluu au zambarau ni kukosa hewa, na mnyama huyo asilazwe chali wala kubanwa kifua. Manjano huelekeza kwenye ini, au kwenye damu inayovunjwa na vijidudu vya kupe. Nyekundu kali kama tofali, mbwa akihema kwa nguvu, mara nyingi ni joto kupita kiasi. Hilo la joto kwetu lina uzito wake, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua, mbwa anapofungwa mnyororo kwenye sakafu ya saruji, hana kivuli wala maji. Mbwa hatoki jasho la kumpoza; hutegemea kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Usisubiri mpaka umfikishe kwa mtaalamu: mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, umpepee, ndipo usafiri. Usimlazimishe kunywa.

Paka ni habari nyingine, na naomba wanaofuga paka wasome hapa kwa utulivu. Paka wa kilo 4 ana damu ya takribani mililita 240 tu, haijazi hata chupa ya soda. Kipimo cha damu ambacho mbwa mkubwa hupoteza akabaki salama, kwa paka ni kifo. Tena mbwa mwenye shoku moyo humwenda mbio, ila paka mara nyingi moyo hupungua kasi na mwili ukapoa. Kwa hiyo hupashwa joto polepole na kupewa dripu kidogo kidogo, kila mara fizi zikitazamwa upya, kwa sababu maji yakizidi hujaa kwenye mapafu. Paka anayehema mdomo wazi ni wa dharura. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo naye ni wa dharura: potasiamu hupanda kwenye damu na kuusimamisha moyo, na siku moja au mbili zinatosha kummaliza.

Kisha kuna panadol. Mtu humwonea huruma paka wake akamsagia kidonge. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo inavyotakiwa, damu hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, na fizi hugeuka rangi ya matope. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Maziwa na mafuta ya kula yanayonyweshwa mbwa aliyekula sumu nayo hayafai: sumu nyingine hufyonzwa haraka zaidi zikichanganyika na mafuta, na mbwa anayetetemeka huyavutia mapafuni. Beba kopo au pakiti ya hiyo sumu, mtaalamu atahitaji kusoma jina lake.

Wanaoshika kazi hii ya mwanzo si lazima wawe madaktari waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengi ni wasaidizi wenye astashahada au stashahada, wa vyuo kama LITA (Wakala wa Mafunzo ya Mifugo) kampasi ya Mpwapwa, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawatambua chini ya Baraza la Veterinari. Marekani wapo mafundi wa veterinari wanaobobea kwenye dharura na wagonjwa mahututi pekee, lakini huko nako kutambua ugonjwa na kupasua ni kazi ya daktari. Msaidizi hupanga nani aanze kutibiwa, huweka kanula (kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa), huzuia damu, na hukaa na mgonjwa usiku akirudia vipimo. Kwa maoni yangu, kukaa huko usiku ndiko kunakookoa wengi, na hatukuthamini ipasavyo.

Kuna mbwa mmoja ambaye mdomo wake haufunuliwi. Ni yule aliyebadilika tabia, sauti imekwaruza, taya limelegea na mate yanatiririka. Ndugu wa nyumbani husema amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kuutafuta. Kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivyohivyo. Mfungie peke yake bila kumgusa, mwite mtaalamu wa mifugo, na umtajie watu wote walioguswa na mate. Aliyeumwa, au mate yakamwingia kwenye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Chanjo huanza siku hiyohiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.