Saratani ya Titi Inapohamia Mfupani

Mgonjwa aliyetibiwa saratani ya titi miaka kadhaa iliyopita akianza kuumwa mgongo, kisha vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye pingili za uti, mara nyingi jamaa zake huamini kwamba amepatwa na ugonjwa wa pili, saratani ya mifupa. Lakini kinyama kikichukuliwa na kutazamwa kwa hadubini, kwa kawaida huonekana kwamba seli zile ni za titi, zimehamia tu mfupani. Uvimbe wa aina hii huitwa metastasisi, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya mahali ulikotoka. Jambo hili ningependa kila familia ilielewe mapema.

Safari ya seli hizo si rahisi. Seli za titi zenye afya hushikamana kwa protini maalumu na huzungukwa na utando mwembamba usioziruhusu kutoka mahali pake. Seli ya saratani inayoanza kuvamia hulegeza mshikamano huo, hutoa vimeng'enya vinavyomega utando, kisha hupenya kwenye mishipa ya limfu au ya damu. Mlango huwa tayari upo, kwa kuwa uvimbe hauwezi kukua zaidi ya milimita 1 au 2 bila kujipatia damu, na mishipa mipya inayochipuka kuulisha huwa na kuta dhaifu zinazovuja. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1971 na Judah Folkman, daktari mpasuaji wa Marekani, na baadaye likazaa dawa za kuzuia mishipa hiyo isiote.

Seli nyingi zinazoingia kwenye damu hufa, ama kwa kusukwasukwa na mkondo wake, ama kwa kushambuliwa na kinga ya mwili. Baadhi huponea kwa kujifunika chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Inakadiriwa kwamba haifiki hata seli 1 kati ya 10,000 inayofanikiwa kuanzisha uvimbe mpya.

Mahali zinapotua hutegemea kwa sehemu njia ya damu: damu itokayo kwenye utumbo mpana hupitia kwanza kwenye ini, na ndiyo maana saratani ya utumbo huo huenea zaidi huko. Hata hivyo, njia peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona kwamba ini lilikuwa limeathirika mara nyingi kuliko wengu, ingawa viungo vyote viwili hupata damu kwa wingi. Alizifananisha seli na mbegu, ambazo hupeperushwa kila upande lakini huota tu kwenye udongo unaozifaa.

Mbegu nyingine hulala. Zinaweza kukaa kimya kwenye uboho kwa miaka 10 au zaidi, zikiwa chache mno kuonekana kwenye picha yoyote, kabla ya kuanza kugawanyika tena. Kwa hiyo mgonjwa anayeuliza, "Uvimbe umeshatolewa, dawa hizi ni za nini?" anauliza swali la msingi kabisa: upasuaji umeondoa uvimbe ulioonekana, na vidonge vya homoni ambavyo wagonjwa wengi wa saratani ya titi hutumia kwa miaka 5 hadi 10 vinalenga zile seli ambazo huenda ziliondoka kabla ya siku ya upasuaji.