Shirika la 527: Nani halipi kodi, na hesabu zake zinaonekana wapi

Katika sheria ya kodi ya Marekani, shirika la 527 ni chama, kamati, mfuko au kundi lolote ambalo kazi yake kubwa ni kukusanya na kutumia pesa ili mtu fulani apate, au akose, nafasi ya umma: ya shirikisho, ya jimbo au ya mtaa. Jina limetoka kwenye namba ya kifungu kilichoingizwa katika sheria hiyo mwaka 1975. Mfuko wa kampeni wa mgombea udiwani ni 527. Chama cha Republican na cha Democratic ni 527. Hata zile Super PAC zinazotajwa kila uchaguzi, yaani kamati zinazopokea michango isiyo na kikomo mradi zisishirikiane na mgombea, ni 527. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "hao ni 527", amekueleza jinsi wanavyotozwa kodi tu. Hajakueleza hesabu zao wanazipeleka wapi, na hapo ndipo penye utata.

Tuanze na msamaha wenyewe, maana si wa pesa zote. Zisizotozwa ni michango, ada za wanachama, mapato ya harambee na ya kuuza fulana na vifaa vya kampeni, mradi zitumike kwa kazi ya uchaguzi. Riba ya benki, gawio la hisa na faida ya uwekezaji vinatozwa kodi kwa kiwango cha juu cha kampuni, ambacho tangu 2018 ni asilimia 21, baada ya kuondoa dola 100. Kamati yenye riba ya dola 900 kwa mwaka, kama haina gharama nyingine ya kukata, inalipa asilimia 21 ya 800, yaani dola 168. Fomu yake ni 1120-POL. Wahazini wengi wa kujitolea huisahau kwa sababu wameshaambiwa "sisi hatulipi kodi".

Kwa miaka 25 msamaha huo haukudai chochote upande wa majina. Shirika lililojiepusha kusema waziwazi "mpigie kura fulani" liliweza kukwepa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho (FEC), na Mamlaka ya Mapato (IRS) nayo haikuuliza wachangiaji ni akina nani. Machi 2000, kundi lililojiita Republicans for Clean Air lilirusha matangazo ya televisheni yenye thamani ya karibu dola milioni 2.5 dhidi ya John McCain, aliyekuwa akishindana na George W. Bush kuwania tiketi ya urais ya Republican. Baadaye ikajulikana kwamba nyuma yake walikuwepo ndugu wawili matajiri wa Texas, Charles na Sam Wyly, waliomuunga mkono Bush. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyofunga mlango huo: unataka msamaha, toa majina. Mwaka 2002 ilirekebishwa ili kamati za majimbo zisiripoti mara mbili kitu kilekile.

Sasa shirika lina milango mitatu. Kama ni kamati iliyosajiliwa FEC, linaripoti huko, na fomu za uwazi za IRS haliguswi nazo. Kamati ya mgombea wa jimbo au mtaa inaripoti kwa mamlaka ya uchaguzi ya jimbo lake. Lililobaki nje ya milango hiyo, na linalotarajia kupata dola 25,000 au zaidi kwa mwaka, ni la IRS. Vyama vya magavana, Republican Governors Association na mwenzake Democratic Governors Association, wako kundi hili la tatu. Ukiwatafuta FEC kama watoaji ripoti utatoka mikono mitupu.

Kwa walio chini ya IRS, hatua ya kwanza baada ya kupata namba ya mlipakodi ni fomu 8871, taarifa ya kuanzishwa, inayojazwa kwa mtandao ndani ya saa 24 tangu shirika liundwe. Saa 24, si siku 24. Tuseme shirika limeundwa tarehe 3 Juni, likajaza fomu tarehe 3 Julai, na katikati likapokea michango ya dola 80,000. Msamaha hauanzi hadi fomu iingie, hivyo michango hiyo inahesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi, karibu dola 16,800. Pesa iliyokwisha kutumika kwenye matangazo haipunguzi hesabu hiyo. Kinachokatwa ni gharama zilizohusu moja kwa moja kuipata michango. Akibadilika mkurugenzi au anwani, marekebisho yanatakiwa ndani ya siku 30.

Ripoti yenyewe ya pesa ni fomu 8872. Upande wa mapato, kila mchangiaji aliyefikisha jumla ya dola 200 katika mwaka wa kalenda anaandikwa jina, anwani, mwajiri, kazi, kiasi, tarehe na jumla yake tangu Januari. Kosa la kawaida liko kwenye neno "jumla". Mtu aliyetoa 150 Februari hatajwi. Akitoa 100 nyingine Juni, amefika 250, na mstari wake lazima uonyeshe 100 upande mmoja na 250 upande wa jumla. Anayechuja daftari kwa kuangalia mchango mmojammoja atamruka. Upande wa matumizi kizingiti ni dola 500 kwa mlipwaji mmoja kwa mwaka, pamoja na sababu ya malipo. Sababu huwa fupi mno: kampuni ya matangazo inalipwa mamilioni na mstari unasema "matangazo", basi.

Mwaka usio wa uchaguzi shirika huchagua kuripoti kila nusu mwaka au kila mwezi. Mwaka wa uchaguzi ni kila robo mwaka au kila mwezi, na zaidi ya hapo kuna ripoti ya siku 12 kabla ya uchaguzi mkuu na nyingine siku 30 baada yake. Iangalie kwa makini hiyo ya kwanza, maana hesabu zake zinafungwa siku 20 kabla ya kura. Uchaguzi wa 5 Novemba 2024 ulikuwa na ripoti ya 24 Oktoba iliyoishia pesa za tarehe 16. Hundi iliyoingia tarehe 17, kwa shirika la kundi hili, mpiga kura aliweza kuiona Desemba, matokeo yameshatoka.

Asiyetaja mchango au matumizi yanayotakiwa kutajwa anatozwa asilimia 21 ya kiasi alichokificha: dola 10,000 zilizofichwa ni 2,100 za adhabu. Ni adhabu ya ajabu kidogo, kwa tajiri inafanana na bei ya pazia.

Adhabu kubwa zilizotikisa magazeti zilitoka FEC, kwa makundi yaliyochagua mlango wa IRS wakati yalipaswa kuwa kule. Baada ya uchaguzi wa 2004, Swift Boat Veterans for Truth, kundi lililompinga mgombea urais John Kerry, walilipa dola 299,500, na America Coming Together, kundi lililowaunga mkono Democratic, walilipa 775,000 mwaka 2007.

Wasomaji wetu walioko Marekani wenye makazi ya kudumu wanaruhusiwa kuchangia. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi, hata uchaguzi wa mtaa. Anayechangia ajue kwamba ripoti za 8872 zimo kwenye tovuti ya IRS na yeyote anaweza kuzitafuta. Ukiona humo mchangiaji mkubwa ni shirika la 501(c)(4), njia imeishia hapo: hilo ni aina nyingine ya shirika lisilolipa kodi, na halilazimiki kuonyesha umma nani amelipa.