Je, Wajua Kwa Nini Wapiga Picha Hupingana na Tathmini za Kamera Mpya?

Tarehe 23 Agosti 2018 kampuni ya Nikon ilizindua kamera ya Z7, iliyofungua familia yake mpya ya kamera zenye sensa kubwa (kipande kinachopokea mwanga) na zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Waandishi wengi wa habari za teknolojia waliipokea vizuri, wakaisifu sensa yake ya megapikseli 45.7, kitazamio chake cha kielektroniki na namna inavyokaa mkononi. Wapiga picha za harusi waliposoma sifa hizo waliuliza jambo moja ambalo katika tathmini nyingi lilipewa sentensi moja au mbili tu: mbona kamera hii ina nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha? Majuma mawili hayajatimia, tarehe 5 Septemba, Canon nayo ikatoa EOS R, na hiyo pia ilikuwa na nafasi moja. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali kiasi kwamba mtu asiye wa fani angedhani watu wanagombea jambo la kipuuzi.

Halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Kamera yenye nafasi mbili inaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na umuhimu wa jambo hilo huonekana siku ile kadi moja inapokufa, kwa sababu kadi haitoi onyo kabla ya kufa. Mpiga picha hurudi nyumbani usiku, huchomeka kadi kwenye kompyuta, na kompyuta humjibu kwamba kadi hiyo haisomeki mpaka ifomatiwe. Ikiwa kadi ilikuwa peke yake, basi akdi imepotea, mama wa bibi harusi akifuta machozi amepotea, na wazee waliosafiri siku nzima ili wasimame katika picha moja ya ukoo wamepotea pia. Hakuna njia ya kuwaita tena kadhi, mawalii na mashahidi ili warudie. Watetezi wa Nikon walisema kadi za XQD zilizotumika katika Z7 ni imara kuliko kadi za SD, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mtu anayelipwa kwa tukio lisilorudiwa hahesabu mara ambazo kadi ilifanya kazi, huhesabu hasara ya mara moja itakapogoma. Oktoba 2020 Nikon ilipotoa Z6 II na Z7 II, zote mbili zilikuwa na nafasi mbili za kadi.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanzia. Mwandishi wa teknolojia na mpiga picha wanaweza kushika kamera ileile, wakaona mambo yaleyale, wakasema ukweli wote wawili, na bado wakafikia hukumu mbili tofauti, kwa kuwa wa kwanza anapima bidhaa jinsi ilivyo siku ya uzinduzi, na wa pili anapima kitakachompata akifanya kazi nayo kwa miaka mitano.

Tofauti hii haikuwa kubwa hivi zamani, na sababu yake kubwa ni ya kibiashara. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani kote, kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake Japani. Mwaka 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya milioni 9. Kilichoondoka sokoni hasa ni zile kamera ndogo za mfukoni ambazo kila familia ilikuwa nazo, na kilichoziondoa ni simu. Wanunuzi waliobaki kwa sehemu kubwa ni watu wanaoijua kazi au wanaoipenda kwa dhati. Vyombo vikubwa vya habari vya teknolojia, hata hivyo, havikuwa na sababu ya kuendelea kuweka mwandishi wa kamera peke yake. Kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa waandishi wanaoandika pia kuhusu simu, saa na kompyuta mpakato, na hao, kwa haki kabisa, huanza na swali ambalo msomaji wao anauliza: ninunue hii ya nini wakati nina simu nzuri?

Swali hilo ni halali. Ila mpiga picha alishalijibu miaka mingi iliyopita, naye anaposoma tathmini yenye maneno elfu moja inayotumia nusu ya nafasi yake kulijibu, huona kwamba hakuzungumziwa yeye. Ndiyo maana Machi 2023, Amazon ilipotangaza kuifunga DPReview, tovuti yake ya tathmini za kamera iliyoanzishwa Uingereza na Phil Askey mwaka 1998, wapiga picha wa kila bara walihuzunika waziwazi. Pale palikuwa na watu waliopiga picha ya meza ileile ya majaribio, chini ya taa zilezile, kwa kamera baada ya kamera, ili msomaji aweze kulinganisha mwenyewe. Miezi michache baadaye tovuti hiyo ilinunuliwa na Gear Patrol, chombo cha habari za bidhaa, ikaokoka, lakini tangazo lile lilionyesha jinsi uhakiki wa aina hiyo ulivyo mwembamba kimapato.

Kuna pia suala la muda. Kampuni huwapa waandishi kamera ya kuazima siku chache kabla ya uzinduzi, mara nyingine ikiwa na programu ya ndani ambayo haijakamilika, kwa sharti kwamba hakuna atakayechapisha kabla ya saa iliyopangwa. Saa hiyo ikifika, tathmini zote hutoka kwa pamoja, na anayechelewa hasomwi. Katika siku hizo chache mtu anaweza kujua kama menyu zinasumbua na kama fokasi inafuata uso. Hawezi kujua kama raba ya mshikio itabanduka kwa joto na jasho la Pwani, wala kama shata, pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, itastahimili picha laki mbili.

Mfano wa betri unanipa uchungu zaidi, kwa sababu hapo tarakimu yenyewe ni sahihi. Z7 ilitangazwa kuwa na uwezo wa picha 330 kwa chaji moja, na tarakimu hiyo ilinakiliwa kila mahali kama udhaifu mkubwa. Wapiga picha walioitumia kazini walishangaa, kwa kuwa walikuwa wakipiga zaidi ya picha elfu moja kabla ya kubadili betri. Kipimo cha CIPA, ambacho ndicho kinachotumika, huiweka kamera ikiwa imewashwa na kupiga picha moja kila baada ya sekunde 30, huku ikizimwa na kuwashwa tena mara kwa mara. Katika kamera isiyo na kioo cha kuakisi, kinachokula betri ni skrini na kitazamio, ambavyo huwaka muda wote, kuliko tendo lenyewe la kufyatua picha. Mpiga picha wa harusi hupiga picha kumi au ishirini katika pumzi moja bi harusi anapoingia ukumbini, kisha huiacha kamera ilale. Kwa kipimo kilekile cha umeme, yeye huondoka na picha nyingi mara tatu au nne. Mwandishi aliyenakili 330 hakusema uongo, lakini alimpa msomaji nambari isiyofanana na kazi ya mtu yeyote.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo lingine, nalo naliona zito kuliko mengine yote. Mita ya mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba kile ilichoelekezwa kina wastani wa kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Mweke bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya shela jeupe linalojaza fremu, na mita itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Ukiongeza mwanga ili kuuokoa uso, nakshi za shela zinaungua na kubaki weupe mtupu. Kamera nzuri kwa kazi hii ni ile inayohifadhi taarifa za kutosha katika sehemu zenye giza, ili mpiga picha alinde shela wakati wa kupiga, kisha auinue uso kwenye kompyuta bila kuleta chengachenga na bila ngozi kugeuka rangi ya majivu au ya zambarau. Ni mara chache sana tathmini ya chombo kikubwa cha habari hulijaribu hili. Huonyesha mtaa wa mjini wakati wa usiku, kikombe cha kahawa, mbwa bustanini, na rafiki wa mwandishi, ambaye mara nyingi ana ngozi nyeupe. Historia ya jambo hili ni ndefu: tangu miaka ya 1950 maabara zilizotumia vifaa vya Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na kilichomfaa yeye ndicho kilichohesabiwa kuwa rangi sahihi.

Haki itendeke, hata hivyo. Oktoba 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6 na kuutangaza uwezo wake wa kuonyesha ngozi nyeusi jinsi ilivyo, waandishi wa teknolojia waliliandika jambo hilo kwa upana, wakalijaribu kwa nyuso za watu halisi. Wanaweza, basi, wakiona kwamba msomaji wao anahusika.

Wapo pia wapiga picha wanaokosea, na wanakosea kwa ukaidi. Mwaka 2008 Nikon ilipotia video ndani ya D90, na Canon ikafuata punde kwa 5D Mark II, wengi walisema video ni mchezo usio na nafasi katika kamera ya picha mnato. Leo hakuna mteja wa harusi Dar es Salaam au Nairobi asiyetaka vyote viwili. Waandishi wa teknolojia wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi pia kwamba kuhamisha picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye simu ni adha tupu, na wapiga picha wakawajibu kwamba mtaalamu hutoa kadi na kutumia kompyuta. Mteja anayetaka picha tatu za kuweka mtandaoni kabla keki haijakatwa anajua nani ana haki hapo. Tena upo upinzani ambao asili yake ni fedha: mtu aliyekopa ili anunue lenzi nne za chapa moja husikia ukosoaji wa chapa hiyo kama ukosoaji wa uamuzi wake. Sioni vibaya kumwelewa, lakini huyo hatusaidii kuijua kamera.

Mabishano ya Canon EOS R5 yalikwenda kinyume na yale ya Z7, na kwa hiyo yanatufundisha zaidi. Kamera hiyo ilitangazwa Julai 2020 ikiwa na megapikseli 45 na video ya 8K, yaani yenye ung'avu wa juu sana. Mara habari zikaenea kwamba inapata joto na kujizima, na kwa majuma kadhaa hakuna kingine kilichoandikwa kuihusu. Canon ilikuwa imetoa mipaka yenyewe: dakika 20 hivi za 8K, katika hali ya hewa ya nyuzi 23 za Selsiasi. Wapiga picha za ndege na wanyamapori waliokwisha kuipata hawakuelewa kelele hizo. Walikuwa wameshika kamera inayolitambua jicho la ndege arukaye na kulifuata, na hawakukusudia kurekodi dakika hata moja ya 8K. Kwao, tathmini zilikuwa zimeihukumu kamera kwa kazi ambayo hawaifanyi.

Mpiga video wa Mombasa au Dar es Salaam, kwa upande mwingine, alikuwa na sababu ya kulisoma onyo lile mara mbili. Nyuzi 23 kwake ni asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, tena kabla jua halijapanda. Mchana wa Februari joto hupita nyuzi 30, na chini ya turubai la sherehe huzidi hapo. Dakika zilizotajwa na kiwanda zingepungua mikononi mwake, na hakuna tathmini iliyoandikwa ofisini penye kiyoyozi ambayo ingemwambia zitapungua kwa kiasi gani. Habari hiyohiyo moja, kwa hiyo, ilikuwa imetiwa chumvi kwa mtu wa ndege na imepunguzwa makali kwa mtu wa harusi.

Kisha kamera yenyewe ilibadilika. Agosti 2020 Canon ilitoa toleo jipya la programu ya ndani lililorekebisha udhibiti wa joto, na Julai 2022 toleo lingine likamruhusu mtumiaji kuchagua kamera ivumilie joto la juu zaidi kabla ya kujizima. Tathmini nyingi za Julai 2020 bado zinasomeka kama zilivyoandikwa. Anayenunua R5 iliyotumika leo hukutana nazo kwanza, akasoma kuhusu kamera ambayo haipo tena.

Januari 2022 Canon ilitoa R5 C, yenye feni ndani yake, kwa ajili ya watu wa video. Julai 2024 ilipotoa EOS R5 Mark II, feni ilihamishiwa kwenye mshikio wa chini unaouzwa peke yake: wa harusi ndefu za mchana anaweza kuununua na kuufunga, na wa ndege akaendelea kubeba kamera nyepesi isiyo na feni.