Difyusheni katika utando wa seli: kile ambacho tone la wino halituonyeshi

Nimefundisha fiziolojia kwa miaka mingi, na karibu kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu anakuja na picha ileile: tone la wino linadondoshwa kwenye glasi ya maji, rangi inaenea mpaka maji yote yanafanana, na mwalimu anasema kwamba hiyo ndiyo difyusheni. Picha hiyo ina kasoro kubwa. Kinachosambaza wino ndani ya dakika chache ni hasa mikondo ya maji, kwa sababu tone huzama kwa uzito wake na tofauti ndogo za joto huyazungusha maji bila sisi kuona. Kama maji yangetulia kabisa, molekuli za rangi zingehitaji miezi kadhaa kuvuka sentimita 10.

Kwa hiyo glasi nimeiacha, na badala yake tunatumia jeli ya agari iliyogandishwa ndani ya neli ya kioo, ambamo mikondo haiwezi kutokea. Rangi inawekwa juu, neli inafunikwa, kisha tunasubiri. Baada ya siku moja rangi imeshuka kama sentimita moja. Ninapouliza itakuwa imefika wapi siku ya nne, wengi hujibu sentimita nne bila kusita. Tunapopima tunakuta ni mbili tu. Ili umbali uongezeke maradufu, muda unapaswa kuongezeka mara nne, na ili umbali uongezeke mara kumi, muda huongezeka mara mia moja. Ukilielewa jambo hilo moja, umeelewa sehemu kubwa ya sababu ya seli kuwa ndogo kiasi kile.

Chanzo cha tabia hiyo ni kwamba molekuli haina safari. Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua zikitikisika majini bila kukoma, na mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwa hesabu kwamba chembe za namna hiyo husukumwa huku na huku na molekuli za maji zinazozigonga kila upande. Molekuli ya rangi nayo hugongwa vivyo hivyo: inakwenda kushoto, inarudi, inapanda, inashuka, wala haikumbuki ilikotoka. Tunaposema kwamba vitu huhama kutoka penye ukolezi mkubwa, yaani molekuli zilipojazana, kwenda penye ukolezi mdogo, tunasema kweli kuhusu kundi, lakini si kuhusu molekuli mojamoja. Chukua utando wenye molekuli 1000 upande mmoja na 100 upande wa pili, na tuseme kila molekuli ina nafasi moja kati ya kumi ya kuvuka katika sekunde moja. Molekuli 100 zitakwenda, 10 zitarudi, na tofauti ya 90 ndiyo tunayoiita difyusheni. Pande zote mbili zikishalingana, uvukaji hauishi. Kinachoisha ni tofauti. Wanafunzi wanaoandika kwenye mtihani kwamba molekuli “husimama” huwa ninawakata alama, na sijutii.

Sasa tuuweke utando wenyewe mbele yetu. Ni tabaka mbili za fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, zenye unene wa nanomita 5 hivi, ambazo vichwa vyake vinavyopenda maji hutazama nje na ndani ya seli, huku mikia ya mafuta ikijificha katikati. Wazo la tabaka mbili lilitoka kwa watafiti wawili, Gorter na Grendel, mwaka 1925, waliotoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kukuta yanafunika eneo maradufu ya uso wa seli hizo. Ilikuja kubainika baadaye kwamba hawakuyatoa mafuta yote na pia walikadiria uso wa seli kuwa mdogo kuliko ulivyo, makosa mawili yaliyofutana na kuwaacha na jibu sahihi.

Sehemu hiyo ya mafuta ndiyo inayoamua nani apite. Oksijeni, kabonidioksaidi na homoni za jamii ya steroidi huyeyuka ndani ya mafuta na kuvuka bila kuhitaji mlango. Ayoni ya sodiamu, ingawa ni ndogo sana, hukwama kwa sababu ina chaji na imezungukwa na molekuli za maji ambazo ingelazimika kuziacha ili iingie kwenye mafuta, na gharama ya kuachana nazo ni kubwa mno. Udogo peke yake, basi, hautoshi. Maji yenyewe hupenya kidogokidogo, lakini seli zinazohitaji kuyapitisha kwa wingi, kama baadhi ya seli za figo, zina protini ziitwazo akwaporini, ambazo kuzigundua kulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Glukosi nayo haipenyi mafuta kwa urahisi. Hubebwa na protini inayoipokea upande mmoja, ikabadili umbo, ikaiachia upande wa pili, bila seli kutumia nishati kwa kazi hiyo. Wabebaji hao wana idadi yake: wote wakishajaa, kuongeza glukosi nje hakuongezi kasi ya kuingia. Insulini inapofika kwenye misuli, haiisukumi glukosi. Inachofanya ni kuwaleta wabebaji zaidi kwenye utando. Seli nayo huifungia glukosi kundi la fosfati mara tu inapoingia, hivyo glukosi huru hubaki chache ndani na mteremko wa ukolezi, yaani tofauti kati ya nje na ndani, haupotei.

Turudi kwenye ile hesabu ya umbali. Molekuli ndogo huhitaji takriban sehemu 5 za mia za sekunde kuvuka mikromita 10 za maji, ambao ni upana wa seli nyingi, lakini sentimita moja ingeichukua zaidi ya nusu siku. Ndiyo maana katika mapafu, ukuta unaotenganisha hewa na damu huwa na unene wa chini ya mikromita moja sehemu nyingi, na damu huletwa hadi hapo kwa kusukumwa na moyo. Seli nyekundu hukaa kwenye kapilari ya pafu, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, kwa robo tatu ya sekunde hivi mtu anapopumzika, na katika theluthi ya kwanza ya muda huo tayari imekwisha kujaa oksijeni. Maji yakijikusanya ndani ya ukuta huo na kuunenepesha, akiba hiyo ya muda huliwa, na anayeumia kwanza ni oksijeni. Kabonidioksaidi, ambayo huyeyuka kwa wingi zaidi na kupenya tishu kwa wepesi unaokaribia mara 20, huendelea kutoka. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa namna hii anaweza kupimwa damu na kukutwa oksijeni imeshuka ilhali kabonidioksaidi yake haijapanda.