Chuo hakina hela, TEHAMA isubiri? Dhana potofu kutoka vyuo vya jamii vya Marekani

Vyuo vya jamii vya Marekani ni vyuo vya umma vinavyotoa hasa masomo ya miaka miwili. Ada ni nafuu na masharti ya kujiunga ni mepesi. Kikongwe kuliko vyote, Joliet kule Illinois, kilianza mwaka 1901. Vijana wengi kutoka kwetu huanzia kwenye vyuo hivi, kisha huhamia chuo kikuu. Fedha zao hutoka serikali ya jimbo, kodi za majengo za eneo husika na ada, kwa hiyo wanafunzi wakipungua, mfuko nao unapungua. Msimu wa kwanza wa masomo baada ya korona kuingia, mwaka 2020, walioandikishwa walishuka kwa takriban asilimia 10. Tangu hapo vikao vya bajeti kuhusu TEHAMA vimekuwa vikirudia maneno yaleyale, dhana zinazofuata hapa chini.

Dhana: Tatizo ni mfumo wa zamani. Tukinunua mpya, tumemaliza.

Vingi vya vyuo hivi huendesha udahili, ada na matokeo kwa mifumo kama Banner au Colleague, na mingine ilisimikwa kabla wanafunzi wa leo hawajazaliwa. Uzee wenyewe si ugonjwa, maana wenye mifumo hiyo bado wanatoa matoleo mapya. Ugonjwa ni viraka. Mhasibu aliomba ripoti yake iwe hivi, msajili akataka fomu yake iwe vile, fundi akaandika kipande cha programu, kisha akastaafu. Leo kila usiku wa manane kuna kazi inayojiendesha yenyewe na kupeleka faili kwenye folda isiyofunguliwa na mtu. Hakuna anayethubutu kuizima, kwa sababu huenda malipo ya wanafunzi wenye ruzuku yanapitia humo. Chuo kikinunua mfumo mpya na kudai viraka vyote vihamie nao, kimenunua tatizo lilelile kwa bei ya leo.

Kazi ngumu hapa wala si ya kompyuta. Ni kuwakalisha msajili, mhasibu na watu wa misaada ya masomo chumba kimoja na kuuliza juu ya kila utaratibu: huu ni wa sheria, au ni mazoea tu? Ukiwa wa mazoea, uachwe, zifuatwe hatua ambazo mfumo umekuja nazo. Zoezi hilo linagharimu muda kuliko fedha, ila watu watanuna, na mkuu wa chuo asiyetaka mtu anune asianze mradi.

Dhana: Tukihamia kwenye wingu, gharama zitashuka.

Kuhamia kwenye wingu ni kukodi kompyuta na hifadhi za kampuni nyingine kupitia mtandao, badala ya kuwa na seva zako. Gharama zinabadilika sura tu. Seva ikizeeka unaweza kuivumilia mwaka mmoja zaidi huku ukiomba Mungu. Usajili wa wingu usipolipwa, huduma inakatwa. Halafu mwenye wingu ndiye mwenye masharti. Google ilizizoesha taasisi za elimu hifadhi isiyo na kikomo, kisha Februari 2021 ikatangaza kiwango cha kuanzia cha terabaiti 100 kwa taasisi nzima, utaratibu ulioanza kutumika kwa waliokuwa wateja tayari Julai 2022. Aliyekuwa akirekodi kila kipindi akaanza kuchagua video za kufuta.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Fedha za dharura za korona kutoka serikali kuu zilinunua leseni nyingi. Fedha ziliisha, ankara za leseni zikaendelea kuja.

Hata hivyo mimi ningehamia. Kitengo chenye mafundi wachache hakiwezi kulinda seva usiku na mchana, na faida ya wingu iko hapo. Anayeliuza kwenye kikao kama njia ya kubana matumizi atakuja kuulizwa mwaka wa pili.

Dhana: Sisi maskini, nani atatudukua?

Mwanzoni mwa 2017 Chuo cha Los Angeles Valley, ambacho ni cha jamii, kiliwalipa wadukuzi fidia ya dola 28,000 kwa bitcoin ili kifunguliwe mafaili waliyoyafunga. Lincoln College cha Illinois, ambacho kilikuwa cha binafsi, kilidukuliwa Desemba 2021, na mifumo ya kuandikisha wanafunzi ikazimika kwa miezi. Ilipowaka tena Machi 2022, hesabu zilionyesha wanafunzi hawatatosha. Kilikuwa kimeshadhoofishwa na korona, na Mei kikafungwa baada ya miaka 157.

Wezi wengine hawavunji chochote. Wanajiandikisha. California imehangaika na maelfu ya maombi ya wanafunzi hewa, yaliyojazwa na programu ili kuvuna fedha za msaada. Mlango uliowekwa wazi kwa ajili ya mnyonge ndio huohuo wanaoupitia.

Dhana: Programu huria ni bure.

Moodle, jukwaa huria la kuendeshea masomo mtandaoni, haina ada ya leseni. Mtu wa kuihuisha, na wa kupokea simu ya mhadhiri usiku wa kuamkia mtihani, ana mshahara.

Dhana: Kila mwanafunzi ana simu, maabara zifungwe.

Simu haimtoshi anayesoma uhasibu au uchoraji wa majengo. Na simu yenyewe ina mambo yake. Tangu 9 Juni 2023, kanuni za serikali kuu zinavitaka vyuo vinavyoshughulikia mikopo na ruzuku za wanafunzi viwe na uthibitisho wa hatua mbili (kwa mfano nywila, kisha msimbo unaotumwa kwenye simu) kwenye mifumo yenye taarifa hizo. Ni kanuni nzuri. Lakini simama kwenye dawati la msaada wiki ya kwanza ya muhula: kijana amebadilisha laini, msimbo unakwenda kwenye namba ya zamani, na dirisha la kulipa ada linafungwa jioni hiyo. Anahitaji mtu wa kuangalia kitambulisho chake na kumfungulia akaunti, na nafasi ya mtu huyo ndiyo imefutwa kwenye bajeti.

Dhana: Kutumia mfumo pamoja na vyuo vingine ni kupoteza uhuru.

Vyuo 23 vya jamii vya Virginia vinatumia mfumo mmoja wa taarifa za wanafunzi. California, yenye vyuo 116, ilichagua jukwaa la masomo la Canvas mwaka 2015, na anayesoma chuo kimoja asubuhi na kingine jioni hajifunzi upya pa kubofya. Kwa chuo kidogo sioni njia nafuu zaidi ya hii. Unachopoteza ni uhuru wa kushona viraka vyako. Kipo pia cha kulipia kweli: tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ya Amazon Web Services, huduma ya wingu ya Amazon, iliiangusha Canvas, na vyuo vinavyoitegemea vikakwama siku hiyohiyo, kwa pamoja.